Saa ya Barua

Jumapili, 5 Julai

Nimefika. Mgongo umekufa, miguu imevimba, na zipu ya begi langu imepasukia mpakani mbele za watu, nguo zote nje. Askari akaniuliza, "Dada, unahama?" Nikamwambia nakwenda kujitolea. "Kujitolea nini, nguo?" Foleni nzima ikacheka.

Wacheke tu. Chuo kizima tuliomba zaidi ya mia mbili, wakachaguliwa sita, na mimi nimo. Kiongozi Mwanafunzi, kambi ya vijana, wiki sita, nchi ya watu. Fulana yenye maneno hayo mgongoni nimeshapewa, na nimeshaivaa. Mama aliniambia wakati wa kuagana, "Nenda mwanangu, ila punguza mdomo, huko ni kwa watu." Kaka akasema nipunguze kiherehere kwanza, mdomo utapungua wenyewe.

Kambi ni shule ya bweni iliyofungwa kwa likizo. Mabweni mawili marefu, bwalo lenye madawati yaliyochongwa majina, na bwawa la kuogelea nyuma ya jiko. Chumba changu kiko mwisho wa bweni la wasichana, kimetengwa kwa ubao mwembamba kiasi kwamba mtu akigeuka kitandani upande wa pili nitajua kageukia wapi. Lugha ni ile ile yetu, lafudhi ndiyo tofauti. Mpishi kaniomba niongee tena, ati naimba.

Mvua inanyesha.

Jumatatu, 6 Julai

Mafunzo kutwa nzima. Mkuu wa kambi ni mama mrefu, filimbi haimtoki shingoni hata akila. Kila sentensi yake ina neno ratiba, kwa hiyo hadi kufika saa nne tulishambatiza Mama Ratiba. Aliyembatiza ni kijana wa mwaka wa tatu wa sheria, naye tukamwita Mwanasheria ili tulipizane.

Kanuni ni nyingi, ila moja imenikaa kichwani. Simu zote, za watoto na zetu, zinafungiwa ofisini. Mawasiliano na nyumbani ni barua tu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa nzima, na ndiyo inayoitwa saa ya barua. Kiongozi anasoma kila barua kabla ya kuifunga. Barua zenye machozi haziendi, zinatiwa kwenye droo ya ofisini.

"Miaka kumi na minne naendesha kambi," Mama Ratiba alisema. "Mtoto analia Jumapili, Jumatano kashasahau. Barua inafika kwa mzazi Alhamisi, Ijumaa mzazi yuko getini na macho mekundu, anamchukua mtoto ambaye hata hataki kuondoka. Kwa hiyo barua za huzuni tunazikalia. Mkizoea mtaona faida yake."

"Huo ni wizi wa barua," Mwanasheria akaninong'oneza.

Mimi niliona busara tupu. Ndiyo saikolojia ya mtoto tuliyosoma muhula uliopita. Alipouliza nani atasimamia barua za bweni la wasichana, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Jumatano, 8 Julai

Watoto wameingia. Wangu ni kumi na wawili, wasichana wa miaka kumi na tatu, kumi na nne. Hadi jioni wawili walishagombania kitanda cha juu, mmoja alishatapika, na mmoja alishaniuliza kwa nini sijaolewa.

Mmoja hakusema kitu. Mdogo wa umbo, masikio makubwa. Aliletwa na mama yake mdogo, ambaye alinivuta pembeni. "Mama yake amelazwa, tumbo. Atapasuliwa wiki ijayo. Ni yeye mwenyewe aliyetaka mtoto aje huku, asishinde kwenye korido za wodi. Mwangalie, mwanangu."

"Ondoa shaka, mama," nikamwambia. "Yuko mikononi mwangu."

Begi la mtoto lilikuwa na nguo chache na bahasha kumi, zote zimeshaandikwa anwani na kubandikwa stempu. Wenzake hawakungoja hata chakula cha usiku. Wakamwita Bahasha.

Ijumaa, 10 Julai

Mvua. Michezo yote bwaloni. Kichwa kinapasuka.

Jumapili, 12 Julai

Saa ya barua ya kwanza. Nimesoma barua kumi na mbili, saba zina machozi. Mmoja ameandika kwamba anakufa kwa njaa, naye ndiye aliyeongezwa wali mara tatu. Nilicheka mpaka nikajisahau.

Ya Bahasha nainakili hapa:

"Mama, hujambo? Mimi sijambo. Mama mdogo alisema watakupasua Jumanne. Usiogope sindano, angalia ukutani. Mimi hapa sipapendi. Naomba mtu aje anichukue nije nilale chini ya kitanda chako, sitawasumbua manesi. Nijibu upesi hata mstari mmoja ili nijue."

Nilikaa nayo kidogo, sisemi uongo. Nikaenda kumwonyesha Mama Ratiba. Akaisoma huku anatafuna kalamu. "Hii ikimfika mgonjwa aliyetoka kupasuliwa itamsaidia nini? Droo."

Ni kweli, itamsaidia nini. Nikaitia drooni.

Alhamisi, 16 Julai

Bahasha ameniletea barua katikati ya wiki. Nikamwambia saa ya barua ni Jumapili. Akasema, "Najua, dada. Lakini leo ndiyo nimepata la kusema." Ameandika kwamba upasuaji sasa umepita na anauliza wamemshona kwa uzi wa rangi gani. Halafu chini, tena, naomba nichukuliwe.

Droo.

Haendi bwawani. Wenzake wote wameshajifunza kuelea, yeye anakaa ukingoni na taulo mabegani anahesabu matone ya mvua. Nimembembeleza, nimemtania, nimemkaripia. Anasema, "Kesho, dada." Mtoto ana shingo ngumu huyu.

Jumapili, 19 Julai

Barua ya tatu. Nilikuwa nimeshaamua iende vyovyote itakavyokuwa, maana wiki ya kwanza imekwisha. Nikaifungua: "Mama, mbona hunijibu? Au umenikasirikia kwa kuja huku? Ni wewe ulisema nije." Mama Ratiba akasema ngoja atulie, ya wiki ijayo itakuwa nzuri, ndiyo tutaituma.

Jioni Bahasha alinisubiri mlangoni mwa bwalo. "Dada, barua zangu zimefika?"

"Zitakuwa zimefika," nikamjibu.

"Zote?"

"Zote, jamani! Nenda kale."

Jumatano, 22 Julai

Niliitwa ofisini baada ya uji. Mama Ratiba alikuwa ameivua filimbi, imelala mezani, nikajua kuna jambo.

Mama yake Bahasha amefariki. Usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Upasuaji ulikwenda vizuri, kisha kidonda kikaharibika ndani, homa, siku nne tu. Mama mdogo alipiga simu asubuhi. Mazishi ni kesho. Na ameomba mtoto asiambiwe.

"Asiambiwe mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka siku ya kufunga. Atakuja mwenyewe kumchukua na kumwambia. Anasema nyumba imejaa watu, hana mtu wa kumtuma, na hataki mtoto akumbuke kaburi. Marehemu mwenyewe alitaka mtoto afurahi likizo hii."

"Lakini mama yake anazikwa kesho."

"Nasikia unachosema. Uamuzi ni wa familia, si wangu wala wako. Wewe ni kiongozi, kazi yako ni uso wako. Uso wako ukibadilika, mtoto atajua. Unaweza?"

Nikasema naweza. Nimejiuliza kutwa kwa nini nilijibu haraka vile, kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Nadhani nilifurahi kuaminiwa. Aibu yangu naiandika hapa hapa.

Alhamisi, 23 Julai

Wanamzika leo. Bahasha ameshinda mashindano ya kuruka kamba, tumempigia makofi.

Jumapili, 26 Julai

Leo saa ya barua ameandika mstari mmoja. "Mama, nijibu." Basi. Nimeikunja na kuitia mfukoni, maana droo yenyewe nimeanza kuiogopa.

Tangu juzi hali chakula. Anasukuma sahani mbele ya mwenzake na kunywa maji. Na ugonjwa wake unaambukiza. Wawili wa kitanda cha jirani nao wameanza kulia ati wanataka kwao, na leo bweni zima lilikuwa linavuta makamasi utadhani kuna mafua. Mama Ratiba amekuja kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Fanya kitu. Mmoja huyu atanivunjia kambi."

"Nifanye nini, mama? Anachotaka ni jibu."

"Basi apate jibu," akasema, akapuliza filimbi, akaenda zake.

Jumanne, 28 Julai

Nimeandika.

Nimekaa na maneno yake siku mbili, apate jibu, apate jibu. Hakusema nani aandike. Watu wakubwa ndivyo wanavyokutuma, wanakuachia nafasi ujitume mwenyewe. Leo watoto walipokuwa uwanjani nilijifungia chumbani, nikachukua karatasi ya mistari, nikaandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko uwe wa mgonjwa. Nimeharibu karatasi nne. Ya tano ikakubali:

"Mwanangu mpenzi, barua zako zote nimezipata na zimenipa nguvu. Naandika mwenyewe ingawa mkono unatetemeka, kwa hiyo usinicheke. Nimeshonwa kwa uzi mweusi. Kula ushibe. Nataka ujifunze kuogelea, ili siku ya kufunga nijivunie. Akupendaye, Mama."

Ule uzi mweusi niliuona ufundi mkubwa. Nilitabasamu peke yangu.

Nikamwonyesha Mwanasheria, nikitaka nini sijui, labda anisifu. Aliisoma akiwa amesimama, akaketi. "Hili unalolifanya lina jina kwenye vitabu vyangu," akasema. "Na hata kama halina, usifanye."

"Mtoto hali chakula siku ya tano. Vitabu vyako vitamlisha?"

"Mwambie ukweli."

"Familia imekataa."

"Basi nyamaza. Kunyamaza ni dhambi moja. Hii ni ya pili."

Nikamwambia ni rahisi kwake kuongea, wavulana wake wanachoandika kwao ni kuomba biskuti. Tumeachana kwa kununiana.

Jumatano, 29 Julai

Nimempa asubuhi, pamoja na barua halisi za wenzake zilizotoka posta. Alikwenda nayo kitandani kwake. Nikasimama nyuma ya ubao wangu nasikiliza karatasi. Aliisoma, ikawa kimya, akaisoma tena. Kisha akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Asante, dada."

"Mama anasemaje?"

"Anasema nijifunze kuogelea."

Mchana alikula wali wote. Alasiri akavua taulo, akashuka ngazi za bwawa mwenyewe, maji ya baridi yale, mvua inarusharusha, akaingia mpaka shingoni. Mwalimu wa kuogelea alinionyesha dole gumba. Nilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu nifike. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 31 Julai

Bwawani tena. Anapiga miguu vizuri.

Jumapili, 2 Agosti

Saa ya barua. Bahasha hakuandika. "Mama si ameshanijibu, dada? Nimwache apumzike." Barua za bweni zima leo hazina chozi hata moja. Mama Ratiba amenisifu mbele ya viongozi wote, ati nina mkono wa watoto. Mwanasheria alikuwa anaangalia dari.

Jumatano, 5 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Mwalimu alitaka kufunga bwawa, Bahasha akamwomba amwachie nusu saa. Anaogelea uso ndani ya maji, anatoka kuvuta pumzi, anarudi. Macho mekundu kwa dawa ya maji. Nikampigia kelele kutoka ukingoni, "Mama atafurahi huyo!" Akaniinulia mkono.

Nimekuwa nikimwambia hivyo kila siku. Mama atafurahi. Mama atakuona. Maneno yenyewe yanatoka bila kubisha hodi.

Jumapili, 9 Agosti

Hakuandika tena. Aliniuliza, "Siku ya kufunga mama atakuja?" Nikasema akipata nafuu atakuja. Akaitikia, "Haya."

Sikuweza kula.

Jumanne, 11 Agosti

Viongozi tunapewa simu zetu Jumanne, nusu saa. Nimempigia mama. Alianza na utani wake, nimekonda au nimenenepa, nimepunguza mdomo au nimeongeza. Nikamweleza yote, na barua pia. Nilitegemea anipe pole.

Hakunipa.

"Mwanangu," akasema, "wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyinyi mmeficha kifo chenyewe. Sasa nani wa kuwaumbua?"

"Mama, ni familia iliyo—"

"Familia imesema asiambiwe. Ilisema uandike kwa mkono wa marehemu?"

Nikalia. Hakunibembeleza. Akaniuliza kama yeye angefariki mimi nikiwa huku ningependa niendelee kuruka kamba. Nikasema sitaki maswali hayo. "Basi na mtoto wa mwenzio usimfanyie," akakata.

Nilikuwa ninajiona mtu mwema. Kumbe nilikuwa mtu ambaye mambo yamemwendea vizuri.

Alhamisi, 13 Agosti

Nilikwenda ofisini kuomba ruhusa ya kumwambia. Mama Ratiba hakunigombeza. Alisema nimechoka, viongozi wote wiki ya mwisho huchoka, na kwamba Jumamosi mama mdogo atakuwa hapa. "Siku mbili umeshindwa, na umebeba wiki tatu?" Nikatoka.

Nitamwambia kesho. Hawezi kushuka kwenye maji yale mbele ya wazazi wa wenzake akitafuta uso ambao haupo. Siwezi kukaa ukingoni nikamtazama anatafuta.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimemwambia. Naandika haraka kabla maneno hayajaanza kujipamba.

Ilikuwa saa kumi, baada ya mazoezi ya mwisho. Nilimwita kwenye stoo ya maboya, kile kibanda kando ya bwawa, kwa sababu hakuna mahali pengine kambi hii ambapo watu kumi hawakusikii. Alikaa juu ya rundo la maboya, nywele zinachuruzika. Nikapiga magoti ili tuwe sawa. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu jana.

"Nina jambo gumu la kukuambia. Ni kuhusu mama."

"Usiseme, dada."

Nilidhani ni woga. Chuoni walitufundisha kwamba mtoto hukwepa, nawe usikwepe naye. Kwa hiyo nikasema. Nikasema amefariki, nikasema tarehe, nikasema upasuaji haukuwa na kosa la mtu. Kisha, kwa sababu nilikuwa nimeamua kujisafisha nitakate, nikasema, "Na ile barua niliandika mimi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Dada, mama hajui kuandika. Hajui hata kusoma. Mama mdogo ndiye humsomea, na ndiye aliyeandika anwani kwenye bahasha zangu." Alikuwa anaikwaruza kamba ya boya kwa ukucha. "Nilipofika pale 'naandika mwenyewe,' nikajua si yeye. Nikafikiri, angekuwepo wangemwambia mama mdogo aandike. Mbona waandike wao?"

Wiki mbili na siku mbili. Mimi nilikuwa ukingoni napiga makofi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema, mngenipeleka nyumbani. Nyumbani kuna nini sasa?" Hakuwa analia. Alikuwa ananieleza, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Hapa watu wote walikuwa bado wanasema yupo. Wewe ulikuwa unasema kila siku. Mama atafurahi, mama atakuona. Nilikuwa napenda unavyosema."

"Na kulia je? Sijakuona ukilia."

Akaonyesha bwawa kwa kidevu. "Humo. Uso ukiwa umelowa wote, nani atajua?"

Nikamshika mkono, akauacha mkononi mwangu kwa adabu tu. Baadaye akasema, "Ungengoja kesho, dada. Ilikuwa imebaki siku moja."

Nilikuja na ukweli wangu nimeubeba kama zawadi, kumbe nimekuja kumnyang'anya siku yake ya mwisho ili mimi nilale.

Akainuka, akachukua taulo. Mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya kitoto.

"Lakini zile barua zangu za mwanzo, kabla hajafa. Zile alisomewa, sivyo? Zilikwenda?"

Mungu ananiona. Nilikuwa nimetoka kusema ukweli ambao hakuuhitaji. Huu ndio aliouuliza. Nikatazama uso ule, nikaona nimeshachukua vya kutosha leo.

"Zilikwenda," nikasema.

Akashusha pumzi. "Basi," akasema. "Basi, afadhali."

Jumamosi, 15 Agosti

Siku ya kufunga. Jua limetoka, ati. Wazazi wamejaa pande tatu za bwawa, viti vya bwaloni vyote vimetolewa nje. Mama Ratiba na filimbi mpya.

Bahasha aliogelea upana wa bwawa mara mbili bila kusimama. Watu wakampigia makofi sana, maana alikuwa mdogo kuliko wote kwenye kundi. Hakutazama ukingoni hata mara moja. Mama yake mdogo alikuwa kiti cha pembeni kabisa, mtandio mweusi kichwani, miwani ya jua, mkoba ameukumbatia.

Baadaye waliitwa nyuma ya bwalo, na kwa kanuni ya kambi kiongozi lazima awepo. Kwa hiyo nilikuwepo. Mama mdogo alijaribu kuanza mara tatu. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mama yako ametangulia," na Bahasha akapiga ukelele, akamwangukia kifuani, akauliza lini, akauliza wapi, maswali yote ya mtu ambaye hajui. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anamwachia mama yake mdogo kazi yake aimalize vizuri, mwanamke wa watu aliyeibeba wiki tatu na nusu kwa hofu.

"Nilikuwa naogopa, mwanangu," mama mdogo analia. "Nilikuwa naogopa."

"Basi, mama mdogo," Bahasha anampigapiga mgongoni. "Basi. Hata hivyo barua zangu ulimsomea."

Mama mdogo akavua miwani.

"Barua gani, mwanangu?"

"Zangu. Tatu za mwanzo."

"Sikupata barua." Alitutazama, yeye, kisha mimi, kisha yeye. "Sikupata hata moja. Mama yako alikuwa ananiuliza kila siku ninapoingia wodini, mtoto kaandika? Nikawa namwambia posta inachelewa. Mpaka siku ile ya mwisho aliniuliza. Nikamwambia hivyo hivyo."

Bahasha aliacha kulia. Ule wa kuigiza ukakatika pale pale, na kilichokuja nyuma yake hakikuwa na sauti. Mdomo ulifunguka tu.

"Niliandika," akasema. "Mama mdogo, niliandika. Dada, mwambie. Mwambie niliandika."

Wote wawili wakanigeukia. Upande wa pili wa bwalo watu walikuwa wanapiga picha.

"Aliandika," nikasema. "Barua tatu. Hazikutumwa. Nilizizuia mimi."

"Ulizizuia?" Mama mdogo hakuwa na hasira bado. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa kweli. "Kwa nini, mwanangu?"

Nilitafuta. Nilitafuta kila mahali, chuoni, kwenye mafunzo, kwa Mama Ratiba na miaka yake kumi na minne. Nilikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa la kweli, na ilinibidi nilitoe mbele ya mtoto.

"Zilikuwa za huzuni," nikasema.